Lori Jekundu Lenye Honi ya Sauti Tatu

Jumatatu, 4 Julai 2011

Mkutano nyumbani kwa Annonciata. Tumeamua! Tunanunua lori letu wenyewe. Dogo, la tani tatu, la kupeleka maharage na mahindi Mbarara na kurudi na sabuni, chumvi na mafuta ya kupikia. Hatutakodi tena lori la Léopold. Hatutakaa tena juu ya magunia kumngojea Léopold, ambaye hata akichelewa nusu siku anashuka akitabasamu kama mtu aliyewahi.

Tunaonunua ni watatu. Annonciata, mjane, muuza maharage, ameuza cherehani yake. Mzee Mihigo ameuza ng'ombe wawili kati ya watatu aliokuwa nao. Mimi nimetoa uzoefu.

Ndivyo ilivyoandikwa katika daftari la kikundi: Baudouin Musoni, uzoefu.

Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi, watu wananiita Shofere. Jina hilo nililipata siku ya kwanza, mwaka 2002, kwenye foleni ya kuandikishwa. Waliuliza kila mtu kazi aliyofanya kwao. Aliyekuwa mbele yangu, mwalimu. Aliyekuwa nyuma yangu, muuguzi. Mimi nikajisikia nasema: dereva wa malori, Uvira mpaka Bukavu. Maneno yalitoka yenyewe!

Daftari hili nalificha kwenye gunia la mkaa, kwa hiyo niandike ukweli. Sijawahi kuendesha kitu chochote. Nilikuwa naosha malori kule mto Mulongwe, Uvira. Ndoo, brashi, sabuni ya unga. Watu wakiniuliza mbona siendeshi, nasema permi yangu, leseni ya udereva, iliungua pamoja na nyumba. Nyumba iliungua kweli. Permi haikuwamo.

Annonciata amesema twende na Léopold akatusaidie kuchagua, maana naye ni dereva wa siku nyingi. Balaa! Léopold ni mtu wa Uvira. Katika malori niliyoosha kwa miaka minne, moja lilikuwa lake. Hapa kambini ni yeye tu anayejua. Hajasema bado. Anangoja siku yenye watu wengi, namjua.

Annonciata amenituma mimi nimpelekee habari ya safari. Nimeitikia haraka mno. Mzee Mihigo ameuliza kwenye lori hilo ng'ombe ataingilia wapi.

Jumanne, 5 Julai

Mpango umekamilika. Ni mwepesi na hauna dosari.

Asubuhi nimemwendea Léopold. Nimemwambia tunakwenda Mbarara Ijumaa, tutakutana Kakoba kwenye viwanja vya magari. Tunakwenda Alhamisi! Akaniambia Ijumaa alikuwa na mzigo wa mtu, lakini atauahirisha kwa ajili yetu. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Niliona aibu kidogo. Ilipita.

Mchana nimemwambia Annonciata kwamba Léopold amekataa, anasema hana muda wa mambo ya wafanyabiashara wadogo. Annonciata akasema hakumdhania hivyo. Hapo aibu ilirudi, ikakaa mpaka chakula.

Atakayeendesha ni Gakwaya, mwimbaji wa kwaya, mpole, ana permi ya Uganda. Kuendesha anajua sana. Kuhusu injini, amekiri mwenyewe kwamba aliwahi kufungua boneti mara moja, akaogopa, akaifunga. Mtu anayenifaa kabisa.

Jioni nimefanya mazoezi ya kupiga teke magurudumu, kwa kutumia mtungi wa maji. Mke wangu Nathalie amesema mtungi ule ndio wa pekee tulio nao.

Alhamisi, 7 Julai

Mbarara! Kakoba! Pikipiki kila upande. Tulikuwa wanne: Annonciata, Mzee Mihigo, Gakwaya na mimi. Nilitangulia mbele, mikono nyuma.

Dalali anaitwa Kizito. Mnene, mchangamfu, Kiswahili chake amekipata kwa kuwauzia magari wanajeshi wa Makenke. Alituonyesha malori mawili.

Moja jeupe. Jeupe zamani. Mlango umebonyea, kiti kimeshonwa kwa uzi wa gunia, bodi iko chini, rahisi kupakia. Annonciata alizunguka mara moja, akasema lile linafanana na kazi yetu. Akauliza vipuri. Kizito akasema vipuri vyake viko kila duka.

La pili jekundu. Jekundu! Linang'aa, refu, lina pazia dirishani lenye vishada. Kizito akabonyeza honi. Ilitoa sauti tatu, moja juu ya nyingine, kama kwaya. Lori la Léopold lina sauti moja tu, nayo imeziba pua.

“Sebo,” Kizito akaniambia, yaani bwana, “hii gari ni mzuri sana. Hapana matata. Hii ni gari ya mkubwa.”

Nikafungua boneti. Nikatazama ndani kwa muda mrefu. Nikasema: kompresheni. Kizito akasema ndiyo, kompresheni. Nadhani hakuna kati yetu aliyejua tunachosema. Nikapiga teke gurudumu. Kidole gumba kimevimba hadi sasa.

Halafu likatokea hili, na mkono wangu unaona haya kuliandika.

Niliegemea mlango. Mkono, kwa mazoea yake, ukaingia nyuma ya mpira wa mlango. Hapo ndipo uchafu unapojificha. Muosha magari yeyote anajua. Nikagusa tope laini kama unga, limekauka. Nikapandisha kidole. Tope likapanda nalo, mpaka juu ya kiti, kisha likaisha kwa mstari ulionyooka kabisa. Tope la barabarani haliingii humo, na halichori mstari. Nimeosha malori mengi sana maishani, na tope la namna hiyo nimelikuta kwenye matatu tu, yote yalikuwa yametolewa majini. Lile lori jekundu lilizama. Nilijua kama ninavyojua jina langu.

Annonciata aliniona nimesimama. Akauliza: “Shofere, unaona nini?”

Ningejibu vipi? Dereva haingizi vidole mule. Angeniuliza nimelijulia wapi jambo hilo. Kizito alikuwa ananitazama. Gakwaya alikuwa ananitazama. Nikafuta kidole kwenye mfuko wa suruali.

“Naona nguvu,” nikasema.

Basi tukanunua jekundu. Mzee Mihigo aliuliza ng'ombe atapandaje kule juu. Nikamwambia lori kama hili ng'ombe anazoea. Annonciata alipopita karibu na lile jeupe aliligusa ubavuni kwa kiganja, kama mtu anayemwacha mgonjwa hospitalini.

Makaratasi yamechukua siku nzima. Tunalala Kakiika kwa binamu yake Annonciata. Wote wamenipongeza. Sina hamu ya kula.

Ijumaa, 8 Julai

Mungu wangu.

Tumeondoka Kakiika saa mbili asubuhi. Lori lilikwenda vizuri, Gakwaya anaimba, nikaanza kuamini kwamba labda lilizama kidogo tu. Kwenye kilima baada ya Kaberebere taa zikawaka zenyewe. Mchana! Vifuta vioo vikaanza kufuta. Kisha injini ikakohoa, ikanyamaza.

Tulikaa kando ya barabara kwa muda wa saa tatu. Nilifungua boneti mara sita. Kila mara Annonciata aliniuliza nimeona nini, na kila mara nilisema inahitaji kupoa. Mzee Mihigo aliweka mkono juu ya injini akasema mbona ni baridi.

Kutoka upande wa Mbarara likatokea lori. La nani? La Léopold, bila shaka! Alishuka na shati lake la kanisani, limejaa jasho. Akasema anatutafuta toka alfajiri, ameingia kila uwanja wa magari pale Kakoba.

Annonciata akamwuliza si yeye aliyekataa kuja.

“Miye?” Léopold akasema. “Baudouin aliniambia ni leo. Siku ya tano, Ijumaa.”

Annonciata alinigeukia. Mzee Mihigo alinigeukia. Hata Gakwaya, ambaye huwa hamtazami mtu. Niliangalia kilima. Nikasema huenda kulikuwa na kutoelewana.

Léopold alinitazama kidogo. Kisha akawaambia labda ni yeye aliyesikia vibaya, masikio yake yana kelele za injini. Alisema hivyo! Alinifunika mbele ya watu, na mimi nikaitikia kwa kichwa, kana kwamba namsamehe.

Alikagua lori letu. Alifungua mlango, akaingiza kidole nyuma ya mpira. Akakitoa, akakiangalia. Akaniangalia mimi. Alikwenda kuchukua cheni.

Tumeingia Base Camp, katikati ya Nakivale, tumevutwa. Ingetosha! Lakini kwenye mteremko wa mwisho honi ikaanza kulia yenyewe, sauti zote tatu, na haikukubali kunyamaza. Watu wakatoka majumbani. Lori mbele, lori jekundu lenye pazia nyuma, honi: walidhani ni harusi. Wanawake wakapiga vigelegele. Watoto wakakimbia pembeni wakiuliza bibi arusi yuko wapi. Mama mmoja alichungulia dirishani, akamkuta Mzee Mihigo.

Léopold alisimama, akaja, akachomoa waya mmoja. Kimya. Ningeomba honi irudi.

Jumamosi, 9 Julai

Nilijificha nyuma ya nyumba, napanga maneno. Nimepata mpango. Kosa ni la Gakwaya! Alibadilisha gia vibaya kwenye kilima. Yeye ni mpole, hatabisha.

Nilipokuwa bado napanga, Léopold alikuja. Alikaa juu ya tofali karibu nami.

“Ile matope uliiona,” akasema.

Nikasema niliiona.

“Mbele mulipe, ao nyuma?”

“Mbele. Kabla hatujalipa.”

“Na haukusema.”

Akaokota kijiti, akakivunja vipande.

“Baudouin, pale Mulongwe weye ndiye ulinionyesha ya kama difu inavuja. Miye shofere sikuiona. Weye na ndoo yako uliiona. Ningeanguka ku ile milima ya Kamanyola na batu yote juu. Siku ile nilirudia kwetu, nikaambia bibi yangu jina lako.”

Sikuwa najua. Nilikumbuka tu kwamba siku ile alinipa mkate mzima.

Nikamwuliza kwa nini miaka yote hii hajawaambia watu mimi nilikuwa nani. Akashangaa.

“Ni maneno yako, si yangu. Miye niseme juu ya nini?”

Akainuka, akasema Jumatatu atatuvuta tena mpaka Mbarara tukazungumze na dalali. Hakutaja malipo. Hakutaja Ijumaa. Nilitaka kumwambia nilivyomsingizia kwa Annonciata. Nilifungua mdomo. Nikamwuliza kama anataka maji.

Jumapili, 10 Julai

Sikwenda kanisani. Nimesema naumwa tumbo. Saa sita likaanza kuuma kweli.

Mchana Mzee Mihigo alikuja kunipa pole. Amesikia mimi ni mgonjwa. Ameleta maziwa, ya ng'ombe wake mmoja aliyebaki. Alikaa akaningoja niyamalize yote, ili arudi na kibuyu chake. Sijawahi kunywa kitu kirefu namna hiyo.

Aliniuliza kama nadhani lori litapona. Nikasema nadhani. Akasema basi vizuri, maana Shofere ukisema mimi nalala.

Jumatatu, 11 Julai

Tumekwenda. Léopold mbele, jekundu nyuma kwenye cheni. Nilikuwa na mpango wangu wa Gakwaya mfukoni, tayari.

Sikuhitaji hata kuutoa. Kizito alituanzia yeye. Alisema gari lilitoka kwake zima, dereva wetu ameliua kwa siku moja. “Huyu dereva yako hapana jua gari!” akapiga kelele, na watu wa viwanja vingine wakaja kusikiliza. Gakwaya alivua kofia. Alitazama viatu vyake. Nikaona anaanza kuamini kwamba labda ni kweli.

Annonciata akasema gari lilikuwa bovu toka mwanzo.

“Bovu?” Kizito akasema. “Fundi yako aliangalia! Huyu hapa! Yeye mwenyewe alisema nguvu iko!”

Wote wakanitazama. Gakwaya alikuwa anaikunja na kuikunjua kofia yake.

Nikasema mimi si fundi.

Nilidhani nimesema kwa sauti, lakini Annonciata aliniambia nirudie. Nikarudia. Mimi si fundi, na dereva sikuwa. Nilikuwa naosha malori Uvira. Na lori hili lilitolewa majini, na Alhamisi nilijua, nikanyamaza, kwa sababu niliona aibu ya ndoo.

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Kimya kile sikujua nifanye nacho nini, kwa hiyo nikafanya kazi. Nikavuta mpira wa mlango, nikawaonyesha tope na mstari wake. Nikafungua taa ya mbele kwa bisibisi ya Léopold: tope. Nikalala chini, nikatoa vumbi la mtoni chini ya dashibodi, lenye konokono mdogo mkavu ndani yake. Nikamweka konokono yule mkononi mwa Kizito.

Mwanaume mmoja aliyekuwa ananunua gari jingine hapo akaniuliza, sebo, na hii ya kwangu unaweza kuangalia? Wa pili akasema na ya kwake. Kizito akanitazama, akawatazama wateja wake, akatuvuta pembeni haraka. Akasema yeye pia alidanganywa na aliyemuuzia, hakuna haja ya kelele, tuache jekundu, tuchukue lile jeupe, yaishe.

Tumerudi na jeupe. Halikukohoa hata mara moja. Annonciata alikaa mbele na Gakwaya na Mzee Mihigo. Mimi nilikaa nyuma kwenye bodi, peke yangu, napigwa vumbi, na nilishukuru.

Tuliposhuka, nikamwambia Annonciata na lile la Léopold: kwamba hakukataa, ni mimi. Alikuwa ameshika mlango uliobonyea. Alisubiri mpaka wengine wakaondoka.

“Baudouin,” akasema. Miaka tisa hajawahi kuniita hivyo. “Cherehani yangu niliuzisha juu ya maneno yako.”

Basi. Angenitukana ningejua pa kuweka uso.

Jumanne, 12 Julai

Kambi nzima inajua. Nimewahi kumwambia Nathalie kabla hajasikia kisimani. Nilimkalisha chini, nikamweleza yote, kuanzia foleni.

Aliendelea kuchambua mchele. Akasema alijua toka mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Nilishangaa. Akasema hakuna dereva duniani anayesugua mgongo wa sufuria namna ile.

Nikamwuliza mbona hakuniambia. Akasema alikuwa anangoja nimwambie mimi. Miaka saba! Nikatoka nje nikasimama kidogo.

Kikundi kimekutana bila mimi, kisha wameniita. Katika daftari neno “uzoefu” limekatwa. Wameandika: kuosha na kukagua lori kila jioni. Mzee Mihigo ameshapandisha ng'ombe wake kwenye lile jeupe, kujaribu tu. Ng'ombe alipanda mwenyewe. Hakutaka kushuka.

Alhamisi, 14 Julai

Nimeosha lori. Nimemkuta Gakwaya anakaza nati za gurudumu, nikamwambia nilikuwa nimepanga kumtupia kosa. Alifikiri sana. Akasema angekubali tu, maana hakuwa na uhakika. Hilo limeniuma kuliko yote.

Nimeandika ahadi, nimeweka sahihi na tarehe. Mimi, Baudouin Musoni, kuanzia leo sitasema najua jambo nisilolijua, liwe dogo au kubwa, mbele ya mtu yeyote. Nathalie ametia sahihi kama shahidi.

Najisikia mwepesi. Mtu mpya kabisa!

Jumapili, 17 Julai

Kanisani. Nimekaa nyuma, unyenyekevu mtupu. Watu wamenisalimia vizuri. Annonciata amenipa mkono, vidole tu, lakini amenipa.

Baada ya mahubiri, mchungaji akafunua kitu kilichofunikwa kitenge pale mbele. Kinanda! Kinanda cha umeme, kimetumwa na ndugu wa Mbarara, bado kina nailoni yake. Watu wakasimama kukiona. Mchungaji akasema tatizo ni moja: hakuna hata mmoja humu anayejua kukipiga. Ama yupo?

Watu wakatazamana. Nilimhurumia mchungaji. Alikuwa amesimama na kitenge mkononi, uso wake una matumaini mengi mno. Nikaona mkono umeinuliwa upande wa nyuma. Nikageuka nimwone ni nani. Ulikuwa wangu.

Nikajisikia nasema: Bukavu, miaka mitatu, katika kanisa kubwa.

Nathalie alifunika uso kwa Biblia. Léopold alipatwa na kikohozi, ikabidi atoke nje. Mchungaji amemshukuru Mungu kwa sauti. Naanza Jumapili ijayo, nyimbo nne, na kwaya yote ya Gakwaya nyuma yangu.

Jioni nimerudi kanisani kukitazama kwa karibu. Si kigumu kama watu wanavyodhani. Vya kubonyeza vyeupe ni vingi sana, vinachanganya. Vyeusi ni vichache. Nitaanza na vyeusi.